Mshiko wa Tairi kwenye Uwanja Uliofagiwa

Jumatatu, 5 Julai 1993

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nikitembea kwenda shule, naendesha gari la mashindano.

Leo pia. Nimetoka nyumbani na sare yangu, madaftari kwapani, na kichwani nikawasha injini. Pale Keko mafundi wanapopanga samani ukingoni mwa barabara kuna kona ya kulia. Nafunga breki kwenye kabati la kwanza, naachia kwenye meza, nakanyaga mafuta nikishapita makochi. Miguu inatembea kama kawaida. Hakuna anayejua. Wanaona msichana mpole anayetazama chini. Kumbe natazama barabara.

Sijawahi kushika usukani.

Aliyenitia ugonjwa huu ni Mjomba Hamadi, mdogo wake Mama. Ni fundi magari, na gereji yake ni kivuli cha ukuta wa nyumba yetu. Siku hizi magari ya mtumba yanashuka bandarini kwa wingi, na chini ya viti vyake watu huokota vitu. Mwezi uliopita Mjomba aliokota gazeti la mashindano ya magari, akaniletea mie kwa kuwa napenda kusoma. Limeandikwa Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Sikusoma hata neno. Lakini katikati kulikuwa na ramani ya njia ya mashindano, na chini yake mstari unaopanda na kushuka. Niliutazama kwa siku nyingi. Kisha nikaelewa. Mstari ni mwendo wa gari. Kila bonde ni kona. Walikuwa wamehesabu mzunguko mzima kwenye karatasi kabla gari halijawashwa.

Nashukuru halikuwa la Kiingereza. Ningesoma maneno, nisingeutazama mstari.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Hakuna shule. Mama kaenda maonyesho na wenzake wa kiwandani. Mimi na Bibi tumebaki na mbaazi zetu.

Mjomba ataingia mashindano ya Bunju, Jumapili ya tarehe 25. Yanafanyika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, magari yanazunguka shimo. Atatumia gari lake dogo jekundu. Analiita Bi Harusi, kwa sababu halitoki nje bila kuoshwa na kupambwa.

Leo kanikuta nachora. Kauliza ni nini. Nilitaka kuficha, nikachelewa. Nikamweleza macho chini. Tairi inashika ardhi kwa nguvu fulani, ikizidi hapo inateleza. Ukijua huo mshiko, na ukajua kona imepinda kiasi gani, unahesabu mwendo wa juu kabisa ambao gari litaukubali kwenye kona ile. Ukifanya hivyo kwa kona zote, na ukahesabu jinsi gari linavyoongeza na kupunguza mwendo katikati yake, unaupata mzunguko mzima. Umekaa tu kwenye kigoda.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikaa juu ya tairi akafikiri. Akasema kule Bunju kuna kona inaitwa Kaburi la Lori, inapita ukingoni kabisa mwa shimo lenye maji, na kila dereva anaikisia tu. Anayekisia kidogo anapitwa. Anayekisia sana anachungulia maji.

"Hiyo unaweza kunihesabia, Zuhura?"

Nikasema naweza. Ni mara ya kwanza kusema naweza bila kuongeza labda.

Jumapili, 11 Julai

Tumekwenda Bunju kupima. Mjomba, mimi, na rafiki yake Kibwana, ambaye kazi yake ni kushika spana na kutania watu. Nilikuwa na kamba yenye fundo kila mita na vijiti vya kuchomeka. Tulipima kona zote na sehemu zote zilizonyooka. Kibwana akauliza kama Mjomba anapima kiwanja cha kujenga.

"Najenga," Mjomba akasema. "Wewe ndiye utakuwa mlinzi."

Kaburi la Lori nimelipima mara mbili. Lingekuwa duara kamili, kutoka katikati hadi ukingoni ni mita ishirini. Nilipomaliza nikatazama chini. Maji ya kijani, mbali sana. Hakuna ukuta wala hata jiwe la kuzuia. Nikarudi nyuma hatua moja.

Tumerudi na vumbi jeupe mpaka vifundoni. Bibi katukataza kuingia ndani kabla ya kunawa miguu.

Jumatatu, 12 Julai

Sasa imebaki namba moja: mshiko. Bila hiyo zote nyingine hazina kazi.

Nimetafuta kwenye kitabu cha fizikia. Kuna mbao juu ya mbao, chuma juu ya chuma, mpira juu ya lami. Hakuna tairi za mtumba juu ya kifusi cha Bunju. Baada ya kipindi nilisimama mlangoni kwa Mwalimu Lyimo mpaka akaniona mwenyewe. Anatoka Moshi, ana sauti kubwa, na namwogopa bila sababu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza msichana anatafuta nini kwenye magari.

"Hiyo namba haimo kitabuni," alisema. "Iko chini. Kaitafute chini."

Namshukuru kwa maneno hayo kuliko alama zote alizowahi kunipa.

Jumatano, 14 Julai

Nimeipata.

Bahati yetu, uwanja wa mbele ya nyumba umemwagiwa kifusi kutoka machimbo yale yale. Mjomba alileta lori zima mwaka juzi kwa sababu ya matope. Kwa hiyo sina haja ya kwenda Bunju. Kifusi ni kile kile, tairi ni zile zile.

Baba Neema, jirani yetu anayenunua chuma chakavu, kaniazima mizani yake ya kuning'iniza. Nikalaza tairi, juu yake nikafunga gunia la mchanga. Pamoja kilo sitini. Nikafunga kamba, nikaiunga kwenye mizani, nikavuta. Ukivuta, mshale unaonyesha nguvu inayohitajika mpaka tairi iteleze. Arobaini na mbili. Nikarudia sehemu nyingine. Arobaini na mbili. Nyingine, arobaini na moja. Ukigawa kwa sitini unapata sehemu saba za kumi. Huo ndio mshiko.

Nilichagua alfajiri. Majirani hawajatoka, mtu asinione navuta tairi kama punda. Ni Bibi tu aliyekuwa amekwishaamka. Alisimama mlangoni na ufagio na ndoo yake tupu, akanitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu, tairi imekosa nini?"

Nikamwambia haijakosa. Akaridhika, akaingia kuchemsha chai.

Ijumaa, 16 Julai

Nimemaliza hesabu. Nimetumia jedwali la logi mpaka macho yameuma. Mzunguko mzima: dakika moja na sekunde thelathini na nane. Kaburi la Lori: kilomita arobaini na mbili kwa saa. Namba ile ile ya mizani, kwa bahati tu.

Nimechora mstari kama ule wa gazeti. Mabonde yangu mwenyewe.

Mjomba kauangalia kama mtu anayesoma barua kutoka kwa ndugu. Kisha akachukua rangi ya kucha ya Mama, akachora alama nyekundu kwenye kioo cha mshale wa spidi, hapo hapo kwenye arobaini na mbili. Jioni alikuwa kijiweni anawaambia wenzake kwamba mwaka huu hakisii, ana mtaalamu nyumbani. Nilikuwa napita na maji. Watu wazima wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Wakati huo huo nilikuwa na furaha mpaka ndoo ikawa nyepesi.

Jumatano, 21 Julai

Bibi kaenda Kisarawe msibani, shemeji yake kafariki. Atarudi matanga yakishaanuliwa. Nyumba imepoa. Hakuna anayenikemea kwa kusoma huku nakula. Namkumbuka.

Mama anaingia zamu ya usiku wiki hii. Mimi napika vibaya. Mjomba anakula bila kulalamika, lakini naona anavyomeza.

Ijumaa, 23 Julai

Mjomba na Kibwana wameondoka na Bi Harusi. Watalala Bunju kwa mama mmoja mwenye mgahawa karibu na machimbo, waangalie gari kesho, washindane Jumapili. Kabla ya kuondoka Mjomba aligonga kile kioo chenye alama nyekundu kwa kidole, akanitazama.

Jumamosi, 24 Julai

Naandika nikiwa Bunju. Mkono umechoka, lakini lazima niandike.

Asubuhi nilitaka kumrudishia Baba Neema mizani yake. Nikasema niivute tairi mara moja ya mwisho, kama kuiaga. Nikavuta. Ishirini na saba.

Nikadhani mizani imeharibika. Nikapima mfuko wa unga wa kilo mbili. Kilo mbili. Nikavuta tena. Ishirini na saba. Nikahamia pengine. Ishirini na nane. Tairi ile ile, gunia lile lile, uwanja ule ule. Nikakaa juu ya tairi.

Hapo ndipo nikauona uwanja. Majani ya mwembe wa jirani. Maganda ya machungwa. Vumbi jeupe, laini kama unga, limelala juu ya kila kitu. Tangu Bibi aondoke hakuna aliyefagia. Ni kazi yangu, nikawa nashughulika na mistari. Na pale mlangoni ndoo yake imefunikwa juu chini.

Bibi hufagia kila alfajiri, kisha hunyunyizia maji vumbi lilale. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Nimezoea sana hata sioni. Mimi sikupima kifusi cha Bunju. Nilipima uwanja wa Bibi, umefagiwa, umeloa, umeshikamana. Bunju hakuna Bibi. Bunju kuna vumbi mpaka vifundoni, nililileta kwa miguu yangu mwenyewe na nikalinawa mlangoni.

Nikahesabu upya palepale, kwa kijiti ardhini. Thelathini na nne. Siyo arobaini na mbili. Mjomba ana alama nyekundu kwenye arobaini na mbili, na kona ile haina ukuta.

Niliogopa kuliko siku yoyote. Mama alipotoka kazini alinikuta nimesimama katikati ya uwanja. Nikamweleza nikilia. Nilitegemea atasema nimtafute mtu mzima wa kumtuma. Aliweka mkoba chini.

"Basi kamwambie."

"Mimi?"

"Namba ni zako, mwanangu. Mwingine atazikosea njiani."

Hakunigombeza. Alinishika mkono mpaka Keko kwa mafundi, kuulizia gari linalokwenda Barabara ya Bagamoyo. Palikuwa na pikapu inapeleka makochi Tegeta. Ndani hapakuwa na nafasi. Wakanikalisha nyuma, kwenye kochi jipya lenye nailoni, tairi miguuni, gunia tupu begani, mizani nimeikumbatia. Baba Neema alisema nikae nayo mpaka nimalize. Watu barabarani walinipungia mkono kama bibi arusi. Sikuwa na nafasi ya kuona aibu.

Tegeta nilikuwa niteremke. Dereva akauliza mizani ya nini, nikamwambia kweli yote. Akafikiri kidogo, akasema mwenye makochi atangoja, hajafa mtu, na hatutaki afe. Akanifikisha Bunju. Simjui jina. Mungu amjalie.

Mjomba alikuwa katikati ya wanaume, kofia imegeuzwa, anacheka. Waliponiona wakageuka. Hapo zamani ningemngoja pembeni mpaka abaki peke yake. Lakini walikuwa wanajiandaa kufanya mazoezi. Nikasema mbele ya wote.

"Mjomba, shikamoo. Namba yangu si sahihi."

Akaniambia nisiogope, ni wasiwasi tu.

"Si wasiwasi. Nilipimia kwenye uwanja wa Bibi. Alikuwa amefagia na kumwagia maji. Hapa ni thelathini na nne. Ukiingia na arobaini na mbili utaanguka."

Kisha Kibwana akasema basi tukamchukue Bibi msibani aje afagie Bunju nzima. Kicheko kikubwa. Mimi sikucheka. Mjomba pia hakucheka. Alikuwa amekwishawatangazia wote, na sasa mtoto wa shule anamrekebisha. Niliona shingo yake ikibadilika rangi. Nikajua anaweza kuninyamazisha, na nikajua nisingenyamaza.

"Mizani unayo?" aliuliza.

"Ninayo."

Tukaenda Kaburi la Lori. Tukajaza gunia mchanga tulioukuta pale, tukapima, kilo sitini. Mjomba mwenyewe akavuta, mbele ya watu, kama punda. Mimi nikasoma mshale. Ishirini na saba. Nikamwonyesha asome na yeye. Akatazama mizani, akatazama maji ya kijani kule chini. Akaenda kwenye gari, akakwangua alama nyekundu kwa ukucha.

Baadaye, wengine walipokuwa wanakula, alikuja akakaa karibu yangu. Akasema ahsante. Neno moja. Mjomba hanishukuru kwa kawaida, hunipa nyama kubwa. Leo alifanya yote mawili.

Jumapili, 25 Julai

Mwanzoni tulipitwa. Kila gari liliingia Kaburi la Lori kwa kasi zaidi kuliko Bi Harusi, na Kibwana akawa anashika kichwa. Mzunguko wa pili gari jeupe likateleza, likazunguka kama pia, likasimama na tairi moja ya mbele inaning'inia juu ya shimo. Dereva akatoka kwa mlango wa nyuma, akakaa chini, hakuinuka kwa muda mrefu. Kibwana akaacha kushika kichwa.

Kisha nikaona kitu. Nilikuwa natazama chini, kama kawaida yangu. Kwenye kona vumbi lilikuwa limerushwa pembeni, limefanya tuta. Palipopita matairi pamebaki mistari miwili, migumu na misafi. Magari yalikuwa yanafagia. Hakuna aliyenyunyizia maji, kwa hiyo si uwanja wa Bibi. Lakini si uwanja wa jana pia. Mshiko ulikuwa umepanda. Kiasi gani? Siwezi kuvuta tairi magari yakipita. Nikakadiria katikati ya namba zangu mbili. Thelathini na nane.

Niliokota ubao uliovunjika nyuma ya mgahawa, nikaandika 38 kwa mkaa. Maandishi makubwa. Ili Mjomba auone ilibidi nisimame mbele kabisa, kwenye kamba, mbele ya umati, nikiwa nimeuinua juu ya kichwa. Nikafanya hivyo. Nikasikia mtu anauliza yule binti ni wa nani. Kibwana akamjibu, "Ni injinia wetu, mpishe aone."

Mjomba alipita, akatazama. Mzunguko uliofuata nikasikia sauti ya injini kwenye kona imebadilika. Gari lilikaa njiani. Baada ya mizunguko kadhaa mistari ilizidi kuwa migumu, nikafuta, nikaandika 40. Akapita magari mawili hapo hapo kwenye kona.

Tumekuwa wa tatu. Mzunguko wake wa mwisho, kwa saa ya Kibwana, dakika moja na sekunde arobaini na mbili. Karatasi yangu ya mshiko wa uwanja wa Bibi ilisema sekunde thelathini na nane. Nimekosea sekunde nne. Baadhi zimeliwa na vumbi, nyingine sijui zimekwenda wapi. Nitazitafuta.

Zawadi ya mshindi wa tatu ni chupa ya chai yenye maua. Mjomba kasema ni ya Bibi, maana ufagio wake ndio ulioonyesha kosa letu bila yeye kujua.

Mikono inanuka mkaa. Nimeridhika. Nawashukuru wote: dereva wa makochi, Baba Neema, Mwalimu, Mama aliyesema kamwambie.

Jumanne, 27 Julai

Bibi karudi jana jioni. Amechoka, amekonda kidogo. Kapokea chupa ya chai, kaigeuza pande zote, kauliza ni nani kaolewa.

Leo nimeamka kabla yake. Nikachukua ufagio, nikafagia uwanja wote. Nikajaza ndoo nikanyunyizia maji upande wa kulia. Upande wa kushoto nikauacha mkavu. Bibi alitoka akasimama mlangoni. Akatazama upande huu, akatazama ule, akauliza maji yameisha au. Nikamwambia hayajaisha. Nikavuta tairi upande wa kushoto, nikaandika. Nikavuta upande wa kulia, nikaandika. Kisha nikanyunyizia uliobaki.

Nikamrudishia Baba Neema mizani. Nikanywa chai kutoka kwenye chupa mpya. Nikavaa sare, nikaenda shule. Pale Keko walikuwa wameranda mbao tangu mapema, na unga wa mbao ulikuwa umetapakaa kwenye kona yote. Nikafunga breki mapema zaidi, kabla ya kabati la kwanza, nikapita polepole.